Mzigo uliododa juu ya duka la Ami

Ngazi ya kupandia stoo ya Ami ina vipago 13, na cha saba kimekatika. Nilipanda kwa mara ya kwanza Aprili 2025, wiki ya pili baada ya Idd el Fitri, mvua ya masika ikipiga bati hata nikawa simsikii Ami aliyekuwa chini ananielekeza. Kule juu kuna joto la kuivisha ndizi. Mifuko ya nailoni imepangwa mpaka inagusa boriti, na kila mfuko una nguo za watoto za sikukuu: gauni za wavu zenye lulu, kanzu ndogo na vikoti vyake, suti za vipande vitatu, viatu ndani ya maboksi. Nyingine zilibaki Idd ile iliyotoka kupita. Nyingine zilikuwa na miaka miwili. Nilipofungua mfuko wa kwanza ikanijia harufu ya kanga iliyoanuliwa mbichi ikakunjwa.

"Yote haya, Ami?"

"Yote hayo, mwanangu. Nimedodewa."

Ami si ndugu yangu wa damu. Ana duka Mchangani tangu mimi sijaolewa, na mama yangu alikuwa akinunua kwake kila akija Unguja kutoka Wete, Pemba. Mimi ni mzaliwa wa Wete, naishi Kikwajuni, na kazi yangu ni kuhamisha mali iliyododa. Sina duka. Nina kaunta buku tatu, simu mbili, mizani ya kuning'iniza ya kupimia mizigo ya meli, na kundi la WhatsApp lenye wasichana 17 wanaouza mtandaoni, 11 wa Unguja na 6 wa Pemba. Nguo inatoka kwa mwenye duka aliyeshindwa kuiuza, inapita kwangu, inakwenda kwa msichana mwenye wateja lakini hana mtaji wa kuagiza. Watu wananiita dalali. Silipendi sana neno hilo, kwa sababu dalali anakutanisha watu akaenda zake, na mimi nabaki na mzigo mpaka shilingi ya mwisho ifike kwa mwenyewe.

Kila aliyewahi kupita Darajani na Mchangani katika kumi la mwisho la Ramadhani anajua hali ilivyo. Huendi kwa miguu yako, unasukumwa. Duka la nguo za watoto linafanya biashara ya mwaka mzima katika siku zile kumi na usiku wake. Mwezi ukiandama, bei inaanguka saa hiyo hiyo. Gauni lililokuwa 35,000 baada ya kufuturu linauzwa 20,000 saa tano ya usiku, na asubuhi, watu wakirudi msikitini, halina anayeliuliza.

Lakini sababu ya nguo kubaki inaanza mbali zaidi. Mwenye duka akiagiza Guangzhou, au akichukua jumla Kariakoo ya Dar es Salaam, gauni za watoto hachagui moja moja. Zinakuja kwa pakti, na pakti imeshapangwa saizi kiwandani: moja ya miaka 2, moja ya 4, moja ya 6, moja ya 8, moja ya 10, moja ya 12. Huwezi kusema nipe sita na nane tu. Na watoto wa sita na nane ndio wanaoletwa dukani, wakashika gauni, wakalia mpaka linunuliwe. Wa miaka 12 keshaanza kuchagua mwenyewe, anataka abaya kama ya dada yake. Kwa hiyo pakti inaliwa katikati, zinabaki ncha. Ingia stoo yoyote baada ya Idd utazikuta: vidogo vidogo na vikubwa vikubwa. Nguo ni nzuri, ni mpya, lebo inaning'inia, lakini pakti imevunjika.

Na pakti iliyovunjika kwetu ina tatizo la pili, nalo ni sare. Mama mwenye watoto watatu wa kike hanunui gauni, ananunua sare. Anataka watoke mlangoni siku ya Idd wote rangi moja, wapite kwa bibi yao, wapite kwa shangazi, waende viwanjani jioni, mtu akiwaona ajue hawa ni wa nyumba moja. Akikosa saizi ya mmoja anaziacha zote. Usiku wa mwezi 29 Ami alimuacha mteja wa namna hiyo akaondoka na fedha yake mkononi. Watoto wa miaka 4, 8 na 10. Gauni la kijani la miaka 4 alikuwa nalo, la 10 alikuwa nalo, la 8 hana. Duka la jirani yake, hatua 30 kutoka mlangoni pake, lilikuwa na mawili ya miaka 8, kijani kile kile, lulu zile zile, kwa sababu wote wawili walichukua mzigo kwa muagizaji mmoja. Nimeyashika kwa mkono wangu nilipokwenda kuhesabu kwa jirani. Baina ya maduka mawili yale hakuna aliyejua mwenzake ana nini.

Ilinichukua siku 3 kuhesabu stoo ya Ami. Vipande 214: gauni 126, kanzu na suti za kiume 48, viatu pea 40. Kila kipande nilikipa utepe wa karatasi na alama ya kalamu: herufi ya duka, saizi, rangi, namba. M-12-manjano-01 maana yake gauni la kwanza la manjano la miaka 12 kutoka duka la Mchangani. Na pembeni safu moja ya kasoro, hii siifanyii mzaha: lulu imetoka, zipu nzito, doa la maji upindoni. Hewa yetu ya bahari haina huruma. Zipu ya chuma ikikaa misimu miwili juu ya dari bila kufunguliwa inaota kutu, na kutu ikigusa wavu mweupe haitoki tena.

Wiki ile nikahesabu maduka manne mengine. Usiku nilipoziweka orodha tano upande kwa upande juu ya mkeka, mwanangu amelala, niliona kitu ambacho ukiwa ndani ya duka moja huwezi kukiona. Pakti zilikuwa zinaungana. Kijani cha lulu, ambacho Ami alihesabu amebakiwa na vipande 9 visivyo na kazi, kwa maduka matatu kilikuwa na kila saizi kuanzia 2 mpaka 12, nyingine mara mbili. Nikapanga sare 7 za watoto watatu watatu kutoka kwenye nguo ambazo wenyewe walishaziita takataka. Sikulala mpaka adhana ya alfajiri.

Kwa hiyo ninaposikia mtu anasema nguo zimedoda kwa sababu watu hawana fedha, au kwa sababu mtandao umeua maduka, nauliza kwanza: una orodha? Saizi ngapi, rangi gani, zina kasoro gani? Mara nyingi jibu ni mkono kuelekezwa juu ya dari.

Makubaliano yetu ni mali kauli, na mali kauli hapa ina umri mkubwa kuliko simu. Unachukua mali kwa neno lako, unauza, unarudisha bei ya mwenyewe, kinachozidi ni chako. Wazee wetu walifanyiana hivyo kwa vitambaa, kwa mchele, kwa kila kitu. Uzuri wake ni kwamba msichana wa Fuoni asiye na hata elfu hamsini anaweza kuuza gauni za laki tatu. Ubaya wake ni kwamba neno halina tarehe. Nguo inakaa kwa mtu mwezi, miezi miwili, ukiuliza unaambiwa "bado bado", na ukiifuata unakuta imeshavaliwa harusini.

Nilisoma habari za duka moja la Boston, Marekani, Filene's, ambalo mwanzoni mwa karne ya 20 lilifungua sehemu ya chini ya ardhi kwa ajili ya kuuza masalio. Kila nguo ilibandikwa tarehe ya kuingia. Ikipita siku 12 za kuuza bila mnunuzi inapunguzwa robo ya bei. Siku 18, nusu. Siku 24, robo tatu. Ikifika 30 inatolewa sadaka. Hakuna kubembelezana, hakuna kumuuliza mkubwa, tarehe ndiyo inayosema. Nilimsomea Ami barazani kwake. Alinyamaza kitambo, akafuta miwani kwa ncha ya kikoi, akasema, "Ana moyo huyo mtu."

Yetu tuliifanya laini zaidi. Gauni lilimgharimu Ami 18,000 mpaka kufika dukani. Siku 14 za mwanzo anataka 16,000, yaani anakubali kupoteza elfu mbili tangu siku ya kwanza, na hilo tulilizungumza waziwazi bila kuzungukana. Baada ya hapo 13,000, kisha 10,000. Siku ya 45 nguo inarudi kwake, au kwa idhini yake inakwenda kwa mayatima. Mimi naongeza elfu tatu, msichana anaongeza yake, mteja anapata kwa 24,000 au 25,000 kilichokuwa 35,000. Hesabu inafungwa kila Alhamisi baada ya Isha. Lebo ikikatwa, umenunua. Hilo halina mjadala hata kwa mdogo wangu wa tumbo moja, naye yumo kwenye kundi.

Mwezi wa kwanza tulichafua. Gauni moja jekundu lenye shada kiunoni, kipande kimoja tu duniani kwa kadiri yetu, wasichana watatu waliliweka kwenye stetasi kwa usiku mmoja. Mama wa Mwanakwerekwe akatuma fedha kwa simu kwa mmoja, mama wa Bububu akatuma kwa mwingine, dakika chache baina yao. Wa Bububu alishamwambia mwanawe. Tulirudisha fedha na gharama ya kutumia, lakini yule mama aliniandikia mstari mmoja tu, "Msiwafanyie watoto hivi", na nikaona yuko sahihi. Tangu hapo kuna maneno mawili kwenye kundi. "Nimeshika", na alama ya nguo: kipande ni chako kwa saa 48, hakuna mwingine anayekigusa wala kukionyesha. "Nimeachia": kiko huru. Saa 48 zikipita bila neno, mimi mwenyewe nakiachia. Maneno mawili hayo yametuokoa zaidi kuliko programu zote za simu nilizowahi kushauriwa niweke.

Na picha. Picha inapigwa na nguo ilipo, mchana, karibu na dirisha, kasoro ikiwa inaonekana na kidole kikiigusa. Picha za kiwandani za watoto wa Kichina wanaocheka hazipiti kwenye kundi letu.

Pemba ni hadithi yake. Wenye maduka wengi wa mjini wanapafanya ni mahali pa kutupia mabaki: kilichoshindikana Unguja, "peleka Pemba". Mimi nimezaliwa kule na kauli hiyo inaniuma. Pemba inanunua, tena inanunua vizuri, ila ina saa yake. Aprili na Mei, mvua imeshika na sikukuu imeshakula akiba, ukipeleka mzigo mkubwa unapeleka maboksi kwenda kulala chini ya kitanda cha mama. Subiri karafuu. Zikianza kuchumwa, fedha inaingia nyumba kwa nyumba. Mwenye shamba anauza kwa ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, mchumaji analipwa kwa pishi, hata bibi aliyekaa ukumbini anachambua makonyo ana chake jioni. Na baada ya karafuu zinafuata harusi, na harusi zinataka watoto wa kumtangulia bibi harusi, na watoto hao wanataka gauni nyeupe za wavu. Gauni nyeupe 19 ambazo Unguja hazikutazamwa Mei, zilikwisha Wete na Konde baina ya Septemba na Novemba, kwa bei ya mwanzo, bila kupunguzwa hata shilingi.

Nguo napeleka ndani ya mapolo masafi, kila polo kilo 25, orodha yake ndani na nakala kwenye simu. Napakia Malindi jioni, meli ya usiku inafika Mkoani asubuhi, gari mpaka Chake, gari nyingine mpaka Wete. Mama anapokea, anakata kamba, anahesabu kwa sauti, ananitumia sauti yake anavyohesabu. Akikosekana mmoja anaanza upya.

Sasa niandike la viatu, maana nisipoliandika nitakuwa nimesema nusu.

Zile pea 40 za Ami zilikuwa viatu vya watoto vya sikukuu, vyeusi na vyeupe, kamba ya kubandika, soli nene nyepesi. Vilikaa juu ya dari tangu Idd ambayo hata Ami hakumbuki vizuri ni ya mwaka gani. Ndani ya boksi vilikuwa vinang'aa. Soli ilikuwa na unga mweupe kidogo pembeni na ukiigusa inanatanata. Niliona. Nilidhani ni ukungu wa masika, nikavifuta kwa kitambaa chenye siki, nikavianika kivulini, vikapendeza. Kwenye safu ya kasoro nikaandika "hakuna". Mei nikapeleka pea 22 Wete kwa ajili ya Idd el Hajj, na 11 zikauzwa kwa siku mbili.

Siku ya Idd nilikuwepo Limbani kwa mama. Alasiri akaja bibi mmoja wa jirani, ameshika mfuko, na mjukuu wake nyuma amevaa gauni jipya na kandambili. Bibi hakukaa. Alivitoa viatu akaviweka kwenye kibaraza. Soli zilikuwa zimemong'onyoka, si kuchanika wala kubanduka. Ukishika kipande kinakatika mkononi kama mkate wa kumimina uliolala, ndani kijivu, kinaacha mafuta mafuta kwenye vidole. Mtoto alitoka nyumbani akiwa mzima, na kufika njia kuu alikuwa anatembea juu ya kitambaa cha ndani, na nyuma yake barabarani kuna vipande vyeusi vinamfuata.

"Sikuja kugomba, mwanangu," bibi aliniambia. "Nataka uvione tu, usije ukawauzia na wengine."

Mtoto hakusema kitu. Alikuwa anaangalia viatu vyangu.

Nilirudisha fedha za pea zote 11, nyumba kwa nyumba, siku ile ile na kesho yake, pamoja na ambao havijawakatikia bado. Wawili hawakutaka kupokea, nikawaachia mlangoni. Ami nilipomweleza alikubali kubeba nusu, na pea zilizobaki tulizitia moto wa taka pamoja na maboksi yake. Nilichojifunza baadaye ni kwamba soli zile ni za povu la poliyurethani, na povu hilo linavunjwavunjwa na unyevu wa hewa polepole, mwaka hadi mwaka, kiatu kikivaliwa au kisivaliwe. Kukaa ndani ya boksi hakukihifadhi. Unga ule na kunata kule ndiyo dalili yenyewe, si uchafu wa kufuta. Siku hizi kila kiatu nakikunja mara tatu mbele ya mwenye duka, nabonyeza soli kwa ukucha, nakikanyagia sakafuni. Na kisichojulikana kimeingia dukani mwaka gani sikichukui, hata akinipa bure.

Nimezifikiria sana zile pea 11 kuliko mamia ya nguo zilizokwenda salama. Orodha yangu ilikuwa ndefu na nadhifu, na ilikuwa na uongo mahali pamoja, na mahali hapo pamoja ndipo palipomkuta mtoto siku ya Idd.

Mtoto wa mama mdogo wangu yuko Uingereza, anafanya kazi kwenye ghala la nguo zinazorudishwa. Huwa tunazungumza Jumapili. Kule watu wengi wananunua mtandaoni, mtu anaagiza gauni lile lile saizi mbili, anajaribu nyumbani, moja analirudisha. Zinazorudi zinapangwa: nzima zinarejea kuuzwa, nyingine zinahamishwa duka hadi duka, nyingine zinakwenda maduka ya bei ya chini, na kinachoshindikana kinauzwa kwa mnada, shehena nzima kwa pamoja. Wanunuzi wa shehena hizo wengi ni watu kama wasichana wangu, wauzaji wadogo wa mtandaoni, wanapigia picha vyumbani mwao. Aliponiambia kwamba shehena yenye orodha ya vilivyomo inauzwa ghali kuliko isiyo na orodha, nilimfanya arudie. Nguo huenda zikawa za aina moja. Mwenye orodha analipwa kwa sababu mnunuzi haendi kubahatisha.

Na kuna wanaoharibu. Mwaka 2018 kampuni ya Burberry ilieleza katika hesabu zake kwamba ndani ya mwaka mmoja iliteketeza bidhaa za pauni milioni 28.6, kisha Septemba mwaka huo ikatangaza kwamba inaacha. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2020 kukataza kuharibu bidhaa mpya zisizouzwa, na kwa nguo na viatu ikaanza kutumika mwaka 2022. Umoja wa Ulaya nao umeweka kwamba kuanzia tarehe 19 Julai 2026 makampuni makubwa hayaruhusiwi kuharibu nguo na viatu visivyouzwa. Nafurahi, kwa sababu kuchoma nguo mpya ni kufuru ya neema. Lakini nina hofu pia. Mtu akikatazwa kuchoma atatafuta pa kupeleka, na tunajua marobota yanafikia wapi. Tayari kwenye marobota ya mitumba ya kilo 45 tunakuta nguo zenye lebo zake, hazijawahi kuvaliwa, zimebanwa pamoja na mashati yaliyochakaa kola. Zije, kama zinakuja na orodha ya kweli. Zisije kama viatu vya Ami.

Sasa ni Ramadhani nyingine, na wenye maduka wanahesabu mali kwa ajili ya zaka. Hili nilikuwa nalijua tangu utoto na sikuwahi kuliunganisha na kazi yangu. Mali ya biashara inatolewa zaka mwaka unapotimia, asilimia mbili na nusu ya thamani yake kwa bei ya siku hiyo, na kwa sisi tunaofuata madhehebu ya Imam Shafi, iliyododa juu ya dari inahesabiwa pamoja na iliyotundikwa mbele. Ina maana kila mwenye duka anayemcha Mungu anafanya hesabu mara moja kwa mwaka, kwa uangalifu kuliko hesabu yoyote nyingine, na karatasi hiyo ikishatoa jawabu ya zaka inakunjwa inatiwa kwenye droo. Basi mwaka huu nimewaomba wale watano jambo moja tu: mnapohesabu kwa ajili ya zaka, ongezeni safu mbili, saizi na mwaka iliyoingia. Kisha nipeni nakala kabla ya kumi la mwisho, si baada ya Idd. Pakti zikiungana kabla ya mwezi kuandama, hakuna haja ya mimi kupanda ngazi Aprili.

Watatu wamekubali. Mmoja anafikiri nataka kujua siri zake za biashara, na sijui nimfanyeje. Nitarudi kwake baada ya tarawehe siku ambayo duka halina watu. Ami alinipa kaunta buku yake juzi. Amempangia mjukuu wake wa skuli apige mistari, mistari imenyooka kwa rula, na safu ya mwisho mwandiko ni wa Ami mwenyewe, herufi kubwa kubwa za mtu wa miwani: KASORO. Ukurasa wa kwanza ameandika, "vifungo viwili si rangi moja". Nimeusoma ukurasa huo mara nyingi.

Jana usiku mama mmoja wa Konde aliuliza kupitia kwa msichana wetu wa kule kama tuna sare ya manjano, watoto watatu. Wa miaka 6 liko kwa Ami. Wa miaka 9 tunalo la 10, liko kwa jirani yake, upindo unaweza kupandishwa. La mkubwa ni M-12-manjano-01, ambalo halikuuzwa mwaka mzima. Siku zake 45 zilipokwisha Ami aliniambia nilitoe, na mama yangu akasema mayatima wa Wete wote ni wadogo, liache litapata mtu. Liko Limbani, kabatini, lebo yake ipo. Lakini mkubwa huyo keshatimiza miaka 13 na mama yake anasema amerefuka. Mama yangu amelipima kwa futi kabla ya kula daku, akanitumia sauti: kifua inchi 31, urefu inchi 44, na pindo la ndani inchi mbili za kushusha. Nimeandika "nimeshika" kwa niaba ya msichana wa Konde. Nasubiri wampime mtoto akitoka skuli.